Pampu Isimame Wapi: Niliyojifunza Tukimwaga Zege la Ghorofa Tisa Ng'ambo

Nimesimamia ujenzi hapa Unguja kwa miaka mingi, na nimeshuhudia zege likipandishwa kwa kila njia ambayo mafundi wetu wanaijua: kwa karai linalopita mkono kwa mkono juu ya jukwaa la mbao, kwa winchi inayonyanyua ndoo, na hatimaye kwa pampu. Nilipokabidhiwa jengo la ghorofa tisa Ng'ambo, kati ya Mlandege na Kisiwandui, niliamini kwamba pampu ndiyo itakayotuondolea taabu ya ufinyu wa kiwanja, kwa kuwa zege litapanda lenyewe na sisi tutabaki na kazi ya kulisawazisha. Ilinichukua ghorofa nne kuelewa kwamba pampu inaondoa taabu ya kupanda tu, na kwamba taabu iliyobaki yote inashuka chini na kurundikana mlangoni, pale pampu inaposimama.

Kiwanja kilikuwa na upana wa mita 20 na urefu wa mita 24. Jengo lenyewe lilichukua mita 18 kwa 22, kwa hiyo kila upande tulibakiwa na kichochoro cha mita moja, na ndani ya vichochoro hivyo zilisimama nguzo za jukwaa. Mbele palikuwa na njia ya mita 5 ambayo hupitwa na watu wa mtaa mzima, wachuuzi wenye baiskeli, pikipiki, watoto wa chuoni na, si mara haba, jeneza. Nyaya za umeme zilikatiza juu ya njia hiyo kutoka nguzo moja hadi nyengine. Hapakuwa na mahali pa kuweka rundo la kokoto, seuze pa kuweka mtambo wa kuchanganyia zege, hivyo zege lote lililazimika kuja kwa magari kutoka nje ya mji.

Wazo la kwanza la mwenye jengo lilikuwa kukodi pampu yenye mkono wa kukunja, ile iliyofungwa juu ya gari. Mtu akisikia kwamba mkono una mita 36 hudhani kwamba kazi imekwisha. Lakini mita 36 huhesabiwa kutoka ardhini kwenda juu moja kwa moja, na mkono ukishainamishwa kuvuka ukuta na kufika upande wa nyuma wa jengo, urefu unaobaki ni mdogo sana. Zaidi ya hayo gari hilo halifanyi kazi mpaka litandaze miguu yake, na kwa pampu ya ukubwa huo miguu huhitaji zaidi ya mita 6 za upana. Njia yetu ilikuwa na mita 5. Tukaambiwa kwamba wapo wanaotandaza miguu ya upande mmoja tu kisha wakaelekeza mkono upande huo. Nilikataa, kwa sababu mkono ukizungushwa kwa bahati mbaya upande usio na mguu, gari zima hulala, na hapo lingelala juu ya nyumba za watu. Nyaya za umeme nazo zilitosha peke yake kuifunga hoja.

Kwa hiyo tulichukua pampu ya kukokotwa, inayosimama mahali pamoja na kusukuma zege ndani ya mabomba ya chuma yenye kipenyo cha milimita 125. Urefu wa jengo haukututia wasiwasi. Huko Dubai zege liliwahi kusukumwa zaidi ya mita 600 katika ujenzi wa Burj Khalifa, na sisi tulitaka kufika mita 30 tu. Wasiwasi ungepaswa kuwa kwenye zile mita 5 za mbele, na sikuuona. Tuliisimamisha pampu njiani, tukalipitisha bomba ukutani kwa nje, na magari yakawa yanaingia kinyumenyume kiasi cha mita 120 kutoka barabara kuu, yanamimina, kisha yanatoka kwa njia ile ile waliyoingilia. Kila gari lililotoka lilipaswa kulipisha linaloingia.

Kabla sijafika kwenye siku iliyotufundisha, nataka kueleza jambo la ardhi, kwa sababu nusura litupate mapema zaidi. Wenyeji wanajua kwamba Ng'ambo iliitwa hivyo kwa kuwa ilikuwa ng'ambo ya mkono wa bahari uliopita baina yake na Mji Mkongwe, na kwamba jina la Darajani limetokana na daraja lililovuka hapo kabla mkono huo haujafukiwa. Tulilijua hilo, tukapima udongo wa msingi wa jengo kwa uangalifu mkubwa. Hatukupima njia. Gari la zege lenye mita 6 za ujazo hubeba zege la zaidi ya tani 14, na pamoja na uzito wake lenyewe hupita tani 25. Siku tulipokuwa tukichora kwa chokaa mahali pa kuisimamisha pampu, bi mkubwa wa nyumba ya jirani alitoka na mkongojo wake, akatutazama kwa muda, kisha akasema:

"Wanangu, hapo mlipochora pana karo. Marehemu mume wangu ndiye aliyelichimba, na lilifunikwa kwa boriti na mawe."

Tulichimbua, tukalikuta shimo hilo la maji machafu. Mfuniko wake ulikuwa chini ya udongo wa kiasi cha shubiri mbili tu, na boriti zake za mikoko zilivunjika kwa mkono. Mguu wa pampu ungekaa hapo hapo, na mtu anayeshika mpira wa kumiminia zege angekuwa amesimama pembeni yake. Mitaa yetu ya zamani imejaa makaro ya namna hiyo, na hayamo katika ramani yoyote niliyowahi kupewa. Tangu siku hiyo, kabla ya kuleta mtambo wowote mzito, ninakwenda kwanza kwa sheha, naye ananipeleka kwa wazee wa mtaa, na ninawauliza nyumba moja baada ya nyengine: karo liko wapi, bomba la maji linapita wapi, mtaro unaelekea wapi. Maulizo hayo huchukua asubuhi mbili na hayagharimu chochote zaidi ya adabu.

Siku yenyewe ilikuwa ya slabu, yaani bamba la zege, ya ghorofa ya nne. Ilikuwa Februari, katikati ya kaskazi, jua kali na hewa kavu kuliko kawaida ya kisiwa. Slabu pamoja na boriti zake ilihitaji mita 96 za ujazo, yaani magari 16. Tulianza baada ya sala ya Alfajiri, na kufikia saa tano tulikuwa tumeshamimina zaidi ya nusu. Hapo ndipo tulipopata habari kwamba mzee wa nyumba ya tatu kutoka kwetu amefariki. Mikeka ilitandikwa njiani, watu wakaanza kukaa, na kabla ya Adhuhuri mtaa ulikuwa umejaa kuanzia mlango wa marehemu hadi barabara kuu.

Hakuna aliyetufukuza. Hakuna hata aliyetutazama kwa jicho la lawama. Ni sisi wenyewe tuliozima mashine, kwa sababu hakuna mtu mwenye malezi ambaye angeingiza gari la tani 25 kinyumenyume katikati ya watu waliokaa matanga. Magari mawili yaliyokuwa yamejaa yalisubiri barabara kuu, ngoma zake zikizunguka juani. Mafundi wetu wakaenda kusalia jeneza pamoja na wengine, nami nikaenda.

Uamuzi wa kusimama ulikuwa wa haki, na hata leo ningeufanya tena. Kosa lilikuwa kwamba hatukuwa na namna ya kusimama. Nilifikiri tutakaa dakika 20, kisha nikafikiri dakika 40, na kila mara niliahirisha kuamua. Fundi wa pampu, kijana mwerevu kutoka Tanga, kwa nusu saa ya mwanzo alikuwa akilirudisha zege nyuma kidogo na kulisukuma mbele kidogo kila baada ya dakika chache ili lisilale, mpaka zege lililokuwa kwenye bakuli la pampu likaanza kukauka na kukataa. Bomba letu halikuwa limefunikwa kwa nje, chuma kikiangaliana na jua. Niliweka kiganja juu yake nikakiondoa mara moja. Baada ya dakika 70 njia ilipofunguka, fundi aliniambia:

"Injinia, hili lilobaki tulirudishe chini, tusafishe bomba, tuanze upya."

Nikamwambia asukume. Niliona gari mbili zinasubiri, nikaona slabu iliyoishia katikati, nikaona jua. Alisukuma. Kipimo cha shinikizo kikapanda, bomba likatikisika kwenye vibano vyake, kisha mlio wa pampu ukabadilika ukawa mzito, kama wa mtu anayenyanyua kitu kisichonyanyulika. Zege lilikuwa limeziba.

Kuitafuta mahali ilipoziba ni kazi ya masikio. Unachukua nyundo ndogo na kugonga bomba kuanzia kwenye pampu, hatua kwa hatua. Bomba lenye zege linalokwenda hutoa sauti butu lakini yenye uhai. Mahali palipoziba sauti hufa kabisa, kana kwamba unagonga jiwe. Na mbele ya hapo, ambako zege limepungua, chuma hulia. Tulipata kwamba imeziba kwenye kiwiko cha chini, pale bomba lilipoacha kulala na kuanza kupanda, na ndipo panapoziba mara nyingi kwa sababu zege hulazimika kugeuka huku likibeba uzito wa yote yaliyo juu yake. Bomba la kipenyo hiki hubeba takriban lita 12 za zege kwa kila mita, sawa na kilo 29 hivi. Kwa kimo cha mita 13 tulichofikia siku ile, kiwiko kilikuwa kimebeba karibu kilo 380, bila ya kuhesabu nguvu ya pampu yenyewe.

Kijana mmoja kati ya vibarua wetu, kwa nia njema ya kutaka kusaidia, alipiga nyundo kibano kinachounganisha kiwiko na bomba kabla fundi hajaigeuza pampu irudi nyuma kuondoa shinikizo. Kibano kilifunguka mara moja. Maji ya saruji na kokoto vilitoka kwa kishindo, vikampiga begani na upande wa shingo, vikagonga ukuta wa jirani na kuacha alama ambayo tulikuja kuipaka chokaa baadaye. Kwa rehema za Mwenyezi Mungu uso wake ulikuwa umegeuka. Tulimuosha kwa maji mengi, maana saruji mbichi huunguza ngozi na macho, tukampeleka hospitali, na baada ya wiki mbili alirudi kazini. Nilikwenda nyumbani kwao jioni ile ile kuzungumza na mama yake, na sitaki mtu yeyote anayesoma maelezo haya awe na haja ya kwenda kwa mama wa mtu kwa sababu kama hiyo. Kibano hakifunguliwi mpaka pampu iwe imegeuzwa na kurudisha nyuma mara kadhaa, kipimo cha shinikizo kiwe kimeshuka, na anayefungua awe fundi wa pampu peke yake, amesimama upande na si mbele ya kiungo, huku wengine wote wakiwa mbali.

Slabu nayo ilibaki imekatika vibaya. Zege la juu lilikuwa limeshashika kwa mteremko, bila ya ubao wa kulizuia, na kwa bahati mbaya liliishia karibu kabisa na boriti kuu, ambako nguvu ya kukata huwa kubwa. Mhandisi mshauri alikuja baada ya Magharibi akiwa na tochi, akapiga magoti, akapitisha kidole kwenye ukingo, na akatuagiza tubomoe mpaka tufike katikati ya nafasi baina ya boriti mbili. Kesho yake mafundi wanane walishinda na nyundo na tindo wakivunja zege walilolimimina wenyewe, kwa uangalifu wa kutokata nondo.

Baada ya hapo tulisimamisha kazi siku tisa. Nilimwambia mwenye jengo wazi kwamba kosa la kwanza halikuwa la siku ile, bali lilifanyika zaidi ya mwaka mmoja nyuma, mezani, tulipokuwa tukichora mpango wa kiwanja na kuuacha mtambo huu ujitafutie nafasi wenyewe utakapokuja. Ghorofa ya chini ya jengo ilikuwa ya maduka, na kuta za maduka hayo tulikuwa tumeshazijenga. Niliomba ruhusa ya kuvunja ukuta wa mbele wa duka la kati na ukuta mmoja wa ndani. Mwenye jengo, mtu mwenye subira, aliniuliza kama ningeomba jambo lile lile kabla ya kujenga, ingemgharimu nini. Nilimjibu kwamba isingemgharimu hata tofali moja.

Pampu ikaingia ndani ya duka, bakuli lake likielekea njiani. Bomba likalala mita 12 sakafuni kuelekea nyuma ya jengo, kisha likapanda kupitia tundu la mabomba ya maji, ambalo kwa bahati lilikuwa limeachwa wazi katika kila slabu. Zile mita 12 za kulala hazikuwa hasara, kwa kuwa msuguano wake husaidia kulizuia zege lililosimama lisirudi kwa nguvu kwenye pampu kila pistoni inapobadilisha zamu. Mita chache kutoka kwenye pampu tuliweka vali ya kufungia. Kiwiko cha chini tulikifungia juu ya jiwe la zege tulilolimimina mahususi na kulitia nondo kwenye sakafu, kwa sababu jengo litakapofika mita 30 kiwiko hicho kingebeba karibu kilo 900 zilizotulia tu, kabla pampu haijasukuma. Bomba la kupanda tulilishika kwenye kila slabu, lisining'inie juu ya viungo vyake. Tena sasa lilikuwa kivulini. Sehemu iliyobaki juani, ile ya juu ya slabu inayomiminwa, tuliifunika kwa magunia yaliyoloweshwa, na kijana mmoja akapewa kazi moja tu ya kuyamwagia maji.

Faida kubwa zaidi ilikuwa njiani. Gari sasa lilisimama sambamba na jengo na kugeuza mfereji wake wa kumiminia pembeni, kuelekea mlango wa duka. Lilichukua mita 2 na nusu za njia na kuwaachia watu mita 2 na nusu nyengine. Liliingia kwa kichwa kutoka upande mmoja na kutokea upande wa pili, bila ya kurudi nyuma hata hatua moja. Kwa kusema kweli, hilo peke yake lilituondolea hatari kubwa kuliko zote, kwa kuwa gari kubwa linalorudi kinyumenyume katika mtaa wenye watoto ni jambo ambalo sikuwahi kulitazama bila ya moyo kunienda mbio.

Kisha tukahesabu magari upya, safari hii kwa saa mkononi. Nilipanda gari lililojaa kutoka kwenye mtambo wa zege hadi kiwanjani mara tatu, asubuhi, mchana na alasiri. Kujaza kulichukua dakika 15, njia dakika 40, kusubiri na kumimina dakika 25, kurudi na kuosha dakika 40; jumla saa mbili. Gari la mita 6 za ujazo likichukua saa mbili kwa mzunguko, magari manne huleta mita 12 kwa saa, hata kama pampu ina uwezo wa mara tatu ya hapo. Mita 96 zilihitaji basi saa nane, na chini ya jua la kaskazi saa nane ni nyingi. Tukaongeza magari yakawa sita, tukapata mita 18 kwa saa na kazi ikamalizika kabla ya Adhuhuri. Zege ambalo limeshapita dakika 90 tangu kutiwa maji tuliliangalia kwa makini sana, na dereva alipigwa marufuku kuliongezea maji ili lilainike, kwa kuwa maji hayo huondoka na nguvu ya zege, na chini ya shinikizo hujitenga yakakimbia mbele na kuziacha kokoto zikijifunga nyuma. Badala yake tulikubaliana na wauzaji watie dawa ya kuchelewesha zege kushika.

Mchanganyiko wenyewe unastahili kauli yake hapa kisiwani. Mchanga wetu wa mashimo, kama ule wa Donge Chechele na Pangatupu, haulingani kutoka shimo moja hadi jengine, na pampu huhitaji mchanga wenye chembe ndogo za kutosha, kwa sababu ni ule uji wa saruji na chembe ndogo unaopaka ukuta wa bomba na kuliwezesha zege kuteleza. Kokoto za mawe yetu ya matumbawe zina vitundu na hunywa maji. Zege linaweza kuondoka mtamboni likiwa laini na kufika likiwa gumu. Kwa slabu hizi tulitumia kokoto ngumu zilizoletwa kwa chombo kutoka bara, zisizozidi milimita 20, na tulikataa magari mawili mlangoni baada ya kupima slampu, yaani ulaini wa zege bichi, jambo lililotuletea maneno makali lakini halikutuletea bomba lililoziba.

Mpango wa kusimama tuliuandika kwenye ukurasa mmoja na kuubandika ukutani dukani. Slabu iligawanywa kwa mistari ya rangi juu ya mbao za boksi linalomiminiwa zege, ikionyesha mahali ambapo zege linaweza kukatwa kwa usalama, na ubao wa kukatia kwa kila mstari ulikuwa umekwisha chanwa kufuata nondo na umelazwa pembeni. Ikiwa kusimama kutapita dakika 30, zege la bombani linarudishwa chini na bomba linasafishwa, bila ya kumuuliza mtu yeyote, wala mimi. Sheha alikuwa na namba yangu ya simu na ya fundi wa pampu, na tulimuomba atupigie likitokea jambo lolote mtaani, msiba au harusi. Hatukumimina siku ya Ijumaa. Tulipofika Ramadhani tulifanya slabu moja usiku baada ya Tarawehe, kwa ruhusa ya Baraza la Manispaa na baada ya kupita nyumba kwa nyumba kuomba radhi ya kelele. Mafundi waliofunga hawakupaswa kubeba mipira ya zege mchana, na sidhani kwamba kuna ratiba ya kazi inayoweza kuhalalisha hilo.

Msiba ulitokea tena, tukiwa ghorofa ya saba. Simu ya sheha ililia saa mbili asubuhi. Tulizuia magari mtamboni kabla hayajajazwa, tukamaliza matatu yaliyokuwa njiani, tukafika kwenye mstari wa pili wa rangi, tukatia ubao, tukasafisha bomba. Jeneza lilipopita mbele ya duka, pampu ilikuwa imeshazimwa na kuoshwa, na mafundi walikuwa wamesimama njiani tayari kulipokea bega.

Slabu ya paa tuliimimina mwanzoni mwa kusi, siku ya mawingu. Gari la mwisho lilipotoka, mabomba yalikuwa bado na karibu robo tatu ya mita ya ujazo ndani yake, zege zima ambalo katika ghorofa za mwanzo tulikuwa tukilitupa. Fundi alifunga vali, tukafungua kiungo cha chini kwa utaratibu, na zege likateremka taratibu ndani ya makarai, hadi mpira wa sponji tuliouingiza juu ukatokea chini, umelowa na kuchakaa. Dukani tulikuwa tumeshapanga boksi ndogo za mbao, sentimita 60 kwa 60, kila moja ikiwa na vijiti vinne vya nondo zilizobaki. Tulipata vifuniko 23 vya mitaro. Vitatu vya mwanzo tulivipeleka kwa yule bi mkubwa aliyetuonyesha karo, kwa sababu mtaro wa mlangoni kwake ndio tuliouziba kwa maji yetu ya kuoshea pampu wakati wa ghorofa ya pili, kabla hatujachimba shimo la kuyatuliza, na alikuwa ameuzibua mwenyewe, kwa chepe, bila ya kutuambia.